Gesti ya Msamaria

Nikipewa igizo la Biblia lililoandikwa na mtu mwingine, kwanza namtafuta msimulizi, nikimpata namfuta. Mnamjua huyo: kijana kasimama pembeni na maikrofoni, anasoma kwenye karatasi kwamba Yona aliambiwa aende Ninawi lakini yeye akashuka Yafa kutafuta merikebu ya Tarshishi, na Yona mwenyewe yupo katikati hana la kufanya, anasubiri sentensi iishe apige hatua tatu. Kila kitu kimeshasemwa. Kilichobaki ni wazazi kumwona mtoto wao kavaa shuka la kitanda.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo hapa Dumila, wilayani Kilosa, na ni mlezi wa vijana wa kigango chetu, tawi la parokia, muda mrefu sasa. Uandishi wa maigizo sikuusomea popote. Ninayoandika ni mafupi, dakika kumi na tano, ishirini yakizidi, kwa sababu tunacheza baada ya Misa, Jumapili ambayo Padre amekuja, na watu wana njaa. Nayaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kwa hiyo ukilifungua utakuta kiuno, nyonga, urefu wa mkono, halafu Farao.

Ukishamfuta msimulizi unabaki na tatizo la pili, nalo ni ngonjera. Sisemi ngonjera ni mbaya. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki mwenzetu, ndiye aliyeipa nguvu nchi nzima miaka ile ya Azimio la Arusha, na huyo huyo aliitungia Injili utenzi. Kwa hiyo kanisani ngonjera ina wenyewe. Ila ina mkao wake: mnapanga mstari, mnawatazama wageni rasmi, mkono unapanda, mkono unashuka. Watoto wetu wamekulia humo. Ukiwaingiza kwenye igizo bila kuwatoa kwanza kwenye mkao huo, Kaini atamuua Habili huku anamtazama Paroko.

Dawa yangu ni kuwapa kazi ya mikono. Kaini na Habili nawaketisha na debe la mahindi, wapukuchue. Hawaruhusiwi kuinua macho mpaka mahindi yafike kiasi fulani. Basi wanaanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya ndugu wawili walio nyumbani, na ule wivu unaanza kuonekana kwenye vidole kabla haujafika mdomoni. Mmoja anapukuchua kwa pupa, punje zinaruka. Mwingine hana habari. Hapo sihitaji kumwambia mtu yeyote kwamba Kaini alighadhibika sana na uso wake ukakunjamana.

Na Kanisa lenyewe linaijua kazi hii kuliko sisi. Ijumaa Kuu tunasoma Mateso kama yalivyoandikwa na Yohana, kwa sauti za watu mbalimbali: mmoja Yesu, mwingine Pilato, na umati ni sisi tulioketi kwenye mabenchi. Bibi ambaye mwaka mzima husali rozari kwa kunong'ona, siku hiyo anapaaza sauti, "Msulubishe!" Hakuna anayemweleza maana yake. Amelisema kwa mdomo wake, atakwenda nalo nyumbani.

Sasa nije kwa Msamaria, yule wa mfano wa Yesu katika Injili ya Luka, aliyemwokota mtu aliyepigwa na wanyang'anyi baada ya kuhani na Mlawi, mhudumu wa hekalu, kumpita. Ndilo igizo lililonisumbua kuliko yote.

Msamaria Mwema kila parokia imeshalicheza, na mara nyingi halimgusi mtu, kwa sababu wote tunaingia tukiwa tumeshampenda. Siku hizi hata mtu akikuokotea kitambulisho kilichopotea anaitwa msamaria mwema. Waliomsikiliza Yesu hawakuwa hivyo. Yohana ameandika waziwazi kwamba Wayahudi hawachangamani na Wasamaria. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, mtawala wa Kiyahudi, Yohane Hirkano, alilibomoa hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu. Huo si ugomvi wa kutosalimiana. Kwa hiyo ukitaka igizo hili lifanye kazi yake, lazima ujiulize kwanza: watu watakaokaa kwenye haya mabenchi, ni nani wasiyetaka awaokoe?

Wilayani Kilosa jibu lake halitafutwi. Desemba mwaka 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Chanzo ni kile kile tunachokijua wote, ng'ombe kuingia shambani, na shamba kufunga njia ya kwenda kwenye maji, na kila upande una orodha yake ya makosa ya mwenzake. Kigango chetu ni wakulima karibu wote: Wakaguru kama mimi, Wasagara, Wavidunda, na waliokuja kutafuta ardhi. Wafugaji, Waparakuyo ambao wengi wetu tunawaita tu Wamasai, tunakutana nao mnadani na kwenye baraza la ardhi la kijiji. (Ndiyo maana hata Kaini na Habili hapa kwetu siwagusi ovyo. Someni tena Mwanzo sura ya 4, muone nani alikuwa mkulima na nani alikuwa mchungaji.)

Nikaenda kwa Paroko. Nikamwambia, "Padre, nataka mtu atoke Dumila kwenda Kilosa, apigwe karibu na Rudewa, na atakayemwokota awe mfugaji."

Akanyamaza. Akauliza, "Mama, una uhakika?"

"Yesu naye aliwaambia wenye uchungu wao, Padre."

Akacheka kidogo, kisha akasema neno lililonipa nguvu: "Basi na kuhani naye asiwe wa kubuni. Mvalishe kanzu kama yangu." Nikaishona. Ilimkaa vizuri kuliko ya Padre mwenyewe, lakini hilo tuliache.

Kuhusu kuhani, kuna jambo ambalo wengi hulipita. Watu humtetea kwamba aliogopa kunajisika kwa maiti akashindwa kufanya ibada. Lakini Luka anasema kuhani naye alishuka kwa njia ile. Yerusalemu iko juu milimani, Yeriko iko bondeni, chini ya usawa wa bahari. Ni kilomita 27 hivi za kuteremka tu. Kama alikuwa anashuka, basi anatoka hekaluni. Ibada ilikwisha. Kwa hiyo kuhani wetu anatokea kanisani, Misa imekwisha, kwapani ana bahasha ya michango ya ujenzi. Anamwona mtu chini. Anaigusa bahasha. Anapita upande wa pili wa barabara. Hasemi neno, na watu wote walielewa, maana kila mmoja aliyekuwepo ameshawahi kubeba bahasha ya mchango.

Mazoezi yalikwama kwa Msamaria. Kijana niliyempa nafasi ni mtoto wa wakulima. Akajitupia shuka nyekundu begani, akashika fimbo, akaanza Kiswahili kile cha kuvunjavunja kinachotumika kwenye vichekesho: "Wewe nalala hapa kwa nini?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Na angekicheza hivyo siku yenyewe angepigiwa makofi kuliko wote. Nikasimamisha. Mtu uliyekwisha kumcheka hawezi kukuokoa, amekuwa mdogo mno. Nikarudi kwa Luka kuhesabu maneno ya Msamaria, nikakuta kumbe anasema mara moja tu, kwa mwenye nyumba ya wageni, na anazungumzia malipo. Njia nzima yuko kimya. Basi nikamfutia kila kitu nilichokuwa nimemwandikia.

Halafu nafasi ile akaichukua mwingine, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetoka kwenye boma la wafugaji, anayekaa mjini kwa ajili ya shule. Ni Mlutheri, alikuja kwa sababu ya rafiki yake. Nikamweleza: unamkuta mtu kalala, unamwinua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mama, na wakinikuta nimemshika?"

Sikuwa nimelifikiria kabisa. Mfugaji, peke yake, barabara ya Rudewa, mikononi ana mkulima anayetoka damu. Wa kwanza kutokea atadhani nini? Kumbe kuhani na Mlawi waliogopa wanyang'anyi tu, lakini Msamaria ana la ziada la kuogopa: sisi. Tukaliweka hilo. Anamwona majeruhi, anasimama, anatazama barabara kulia, anatazama kushoto, na anakaa hivyo muda mrefu kuliko watazamaji wanavyostahimili. Ndipo anapiga goti.

Kuna vitu vingine viwili vya mikono ambavyo mtu anayetaka kulicheza asiviache. Cha kwanza ni jeraha. Luka anataja mafuta na divai, na kufunga jeraha, lakini hasemi kitambaa kilitoka wapi. Yule majeruhi wamemvua nguo, kwa hiyo si chake. Nilimshonea Msamaria shuka yenye kipande cha pembeni kilichoshikizwa kwa mishono mirefu ya mkono, uzi hafifu, ili akikivuta kichanike kwa sauti. Nyuma ya kanisa ile sauti ilifika vizuri kabisa. Baada ya kila zoezi nakishikiza upya. Wanawake walioketi mbele, ambao wanajua bei ya shuka, walishtuka.

Cha pili ni mnyama. Vijana walitaka bodaboda, wakidhani ndiyo usasa. Nikakataa. Kwenye pikipiki wanapanda wote wawili, safari inaendelea, hakuna aliyepungukiwa kitu. Luka anasema alimpandisha juu ya mnyama wake. Maana yake mwenye mnyama alishuka akatembea. Tuliazima punda wa mchota maji. Punda alikubali kupandwa, akakataa kutembea, kisha akaamua kutembea kwa mwendo wake, akazunguka uwanja wa kanisa huku Msamaria anamfuata kwa miguu, na safari ile ya kwenda gesti ikawa ndefu kweli. Sikuisahihisha.

Ndiyo, nimesema gesti. Kuna mzee aliyenong'ona kwamba neno hilo halifai karibu na altare. Nikamuuliza nyumba ya wageni kwa lugha ya Dumila inaitwaje. Akajibu, "Gesti." Tukaendelea.

Na gesti ndiyo iliyolibeba igizo zima, kwa sababu ya daftari. Kila aliyewahi kulala gesti Tanzania analijua daftari la wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, sahihi. Mwenye gesti wangu ni mwanamume mwenye miwani, mtu wa utaratibu. Mgeni analetwa juu ya punda, nusu maiti, naye anafungua daftari.

"Jina?"

Kimya.

"Kabila?"

Kimya. Anamtazama majeruhi, hajui. Wamemvua nguo, hana cha kumtambulisha, huwezi kujua ni Mkaguru au Msukuma au nani. Mwenye gesti anaacha nafasi wazi. Kisha anainua macho kwa aliyemleta, na kalamu bado ameishika.

"Na wewe? Kabila?"

Hapo kijana wetu hajibu. Anatoa pesa. Dinari mbili za Luka ni ujira wa siku mbili wa kibarua, kwa hiyo tulikubaliana kiwe kiasi cha palizi ya siku mbili, noti zilizokunjwa kunjwa, anazinyoosha moja moja juu ya daftari mpaka zinaifunika ile safu. Ndipo anasema maneno yake pekee: amtunze, na kitakachozidi, akirudi atalipa. Anaondoka na punda wake.

Mwisho wake nao niliutoa kwa Luka. Yesu anapomuuliza yule mwanasheria aliyesimuliwa mfano huo ni nani aliyekuwa jirani, jamaa hawezi kulitamka jina la Msamaria. Anajibu tu kwamba ni huyo aliyemwonea huruma. Kwa hiyo kwetu mke wa mwenye gesti anaingia na beseni la maji, anauliza, "Huyu kaletwa na nani?" Mume anatazama daftari, anatazama pesa, anajibu, "Kuna mtu kamleta." Basi, limekwisha. Vijana wanainamisha vichwa, kwaya inaanza.

Hakupanda mtu kutufundisha jambo baada ya hapo. Nilikuwa nimeshamwomba Katekista asilifafanue. Kutoka nje, mzee mmoja ambaye nduguye ni kati ya wale wa Mbuyuni alinisogelea. Hakunisifu, wala hakunigombeza. Alisema, "Yule mwenye gesti kauliza sawasawa. Na mimi ningeuliza." Akachukua baiskeli yake. Sijui alikuwa upande gani wa swali lile, na sidhani nina haki ya kumuuliza.

Mwana Mpotevu lilikuwa rahisi zaidi kuandika lakini lina shimo lake. Sisi Wakaguru, kama jirani zetu Waluguru, ukoo tunauhesabu kwa mama. Nilipowasomea akina mama rasimu, bibi mmoja alinikatiza pale kijana anapodai urithi. "Anamsumbua baba kwa nini? Urithi wake si uko kwa mjomba?" Wakacheka, lakini lilikuwa swali la haki. Na la pili likafuata hapo hapo: mama yake yuko wapi? Kijana anaondoka, analisha nguruwe, anarudi, karamu inafanyika, ndama anachinjwa, na mama hatajwi hata mara moja.

Kumwandikia mama maneno ambayo Injili haikumpa sikutaka. Nikamweka nyuma ya pazia na kinu. Toka mwanzo wa igizo mtu anatwanga. Kijana anadai mali, kinu kinatwanga. Anaondoka, kinatwanga. Baba anakwenda kila jioni kutazama njia, kinatwanga. Baba anapomwona kijana angali mbali na kuanza kukimbia, mchi unasimama. Na kinu chenyewe alikipiga yule yule bibi aliyeuliza. Alikataa kumpa mtu mwingine.

Mwisho ulileta kelele za aina nyingine. Kaka mkubwa yuko nje, anasikia nyimbo na machezo, baba anamsihi, na Luka anaishia hapo. Hatuambiwi kama aliingia. Nami nikaishia hapo, kaka kasimama na jembe, baba kamnyooshea mkono. Basi akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakaanza kumpigia kelele kutoka kwenye mabenchi: "Ingia ndani, wewe! Baba yako anakubembeleza!" Upande wa wanaume mmoja akajibu, "Asiingie! Kwani yeye hajalima?" Kijana wangu kasimama, jasho linamtoka, hana mstari wa kusema. Aliyesimamia ratiba akanijia mbio, "Mama, ongeza sentensi moja wamalize." Nikamwambia waache wabishane, wali bado haujaiva.

Mavazi niseme kwa kifupi kwa sababu nikianza sitamaliza. Acheni kuwafunga watoto taulo kichwani ili wawe Wayahudi. Huko York, Uingereza, zama zile za kati, mafundi wa mji waligawana hadithi za Biblia kila chama na yake: wajenga meli wakacheza ujenzi wa safina, waoka mikate wakacheza Karamu ya Mwisho, na watengeneza pini na misumari wakapewa kusulubiwa. Hadithi iliwakuta kwenye kazi zao wenyewe. Sisi tuna wavuvi wa Mto Wami, tuna mafundi seremala pale stendi, tuna wanawake wanaojua kukanda unga. Yesu aliongea na watu hao hao, walivyovaa siku hiyo.

Sasa vijana wanataka Nabothi, Wafalme wa Kwanza sura ya 21, kwa ajili ya Kwaresima. Mfalme analitaka shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, jirani anakataa kuuza urithi, malkia Yezebeli anaandika barua zenye mhuri, mashahidi wawili wa uongo wanapatikana, na shamba linachukuliwa. Kwenye wilaya yenye mashamba makubwa ya mkonge na kesi za mipaka zisizokwisha, sihitaji kubadilisha chochote isipokuwa mizabibu. Najiuliza tu kama Nabothi wetu aseme urithi wa baba zake, kama ilivyoandikwa, au wa wajomba zake. Daftari liko kwa Paroko analisoma, na vipimo vya wateja wangu vimo humo humo, kwa hiyo wenye nguo za harusi mnivumilie. Yezebeli wameshajitokeza mabinti watatu wanagombania. Nabothi mpaka leo hakuna anayemtaka.